Mtoto anachelewa, nisubiri au nianze sasa? Maswali ambayo wazazi wa Kigoma wanauliza sana kuhusu huduma za mapema

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Kigoma. Haya maswali naulizwa kila nikizunguka kwenye kaya, mengine yanaingia wasap saa nne usiku, mama kakaa anamwangalia mtoto aliyelala na roho haijatulia. Nimeyaweka sehemu moja uyasome kwa nafasi yako na umtumie na mwenzio mwenye mtoto mdogo. Nitajibu vilevile ninavyojibu nikiwa nimekaa mkekani kwako.

Huduma za mapema ndo nini hasa?

Ni msaada anaopewa mtoto mdogo ambaye ukuaji wake unachelewa, au ana ulemavu, au yuko kwenye hatari ya kuchelewa (mfano alizaliwa njiti, au alivyozaliwa hakulia), na anapewa akiwa bado mdogo kabisa, haisubiriwi mpaka afike umri wa shule ndo watu waanze kushtuka. Inaweza kuwa mazoezi ya viungo, kusaidiwa kuongea, kufundishwa kutafuna na kumeza, kupimwa masikio na macho, lishe, au operesheni kama inahitajika. Na kubwa kuliko zote ni wewe mzazi kufundishwa namna ya kumkalisha, kumlisha, kucheza nae na kuongea nae, kwasababu we ndo unaekaa nae.

Marekani wana sheria ya hii kitu toka mwaka 1986, mtoto toka anazaliwa mpaka anafikisha miaka mitatu anatengenezewa mpango wake na familia inakaa mezani pamoja na wataalamu. Kwetu haijakaa hivo, ila toka Desemba 2021 tunayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inamhusu mtoto mpaka miaka minane na inasimamia mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio (yaani mtoto akilia, akicheka au akikuangalia unamjibu), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kwahiyo ukienda kuuliza huduma ya mwanao hujaenda kuomba fadhila kwa mtu.

Kwanini haraka hivo? Si kila mtoto ana wakati wake?

Ni kweli watoto hawalingani, na nitakuja kwenye hilo. Ila neno "atakuja tu" ndo limetuharibia watoto wengi kuliko ugonjwa wenyewe, naliogopa sana.

Sababu ni ubongo. Miaka ya mwanzo ubongo wa mtoto unajenga viunganishi vipya zaidi ya milioni moja kila sekunde, na akifika miaka mitatu ubongo wake umeshakaribia asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Njia zinazotumika zinaimarika, zisizotumika zinapungua. Sasa mtoto ambae hasikii, na hakuna aliegundua, ile sehemu ya lugha inakosa kazi kipindi ambacho ndo ilitakiwa kufanya kazi kuliko muda mwingine wote wa maisha yake.

Alafu kuna jambo lingine watu hawaliangalii, kuchelewa kumoja kunazaa kwingine. Mtoto asiyeweza kukaa analala chali siku nzima anaangalia mabati, haoni kinachoendelea, hashiki kitu, hatupi kitu, haokoti, haongeleshwi maana watu wanaongea na mtoto aliyekaa mbele yao. Mwaka unapita, sasa tatizo sio miguu tu, na akili nayo imekosa chakula chake. Na misuli isiyonyooshwa inakaza, viungo vinajikunja, mwishowe hata kumvalisha nguo au kumwosha inakuwa kazi ya watu wawili. Hiyo mikazo mingi ingeweza kuzuilika au kupunguzwa.

Nitajuaje kachelewa kweli na sio wasiwasi wangu tu?

Chukua hizi kama alama za barabarani za kukwambia kapimwe, sio hukumu. Miezi miwili anatabasamu ukimchekesha na anakufuata kwa macho. Miezi minne shingo imekaza na ngumi zimeanza kufunguka. Miezi tisa watoto walio wengi sana wanakaa wenyewe bila kushikwa, na wanatoa sauti za bababa mamama. Akifika mwaka anageuka ukimwita jina, anapunga mkono, anaelewa "hapana". Kutembea, Shirika la Afya Duniani walifuatilia watoto wa nchi mbalimbali wakaona wanaanza kati ya miezi nane na kidogo mpaka kumi na saba na nusu hivi, kwahiyo miezi kumi na minane imefika na hatembei, usisubiri tena. Miaka miwili anaunganisha maneno mawili, "mama njoo", "taka maji".

Kutambaa sikuweka hapo juu kwa makusudi. Kuna watoto wazima kabisa hawatambai, wanajiburuta kwa makalio au wanaruka moja kwa moja wanasimama, usilie kwa hilo.

Ila hizi zikitokea nenda hiyohiyo wiki: mtoto analegea kama kitambaa au kakakamaa mno, miguu inapishana kama mkasi, anatumia mkono mmoja tu kabla hajafika mwaka, haangalii usoni, hashtuki na sauti, anapaliwa kila akila, au (hii ndo mbaya zaidi) alikuwa anaweza kitu alafu kakiacha. Mtoto alikuwa anasema maneno matano sasa hasemi hata moja, hapo hakuna cha kusubiri.

Na kama alizaliwa njiti, hesabu umri toka tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, sio aliyozaliwa, fanya hivo mpaka afikishe miaka miwili. Mtoto aliyewahi kwa miezi miwili, leo ana miezi nane, mpime kama wa miezi sita. Inaondoa presha sana hii.

Watoto wa kiume si wanachelewa kuongea?

Wanaweza kuchelewa kidogo, wiki au mwezi na ushee. Sio mwaka mzima. Miaka miwili na hana neno, awe wa kiume awe wa kike, apimwe masikio kwanza.

Sisi nyumbani ni Kiha, nje Kiswahili, na bibi yake anachanganya. Hiyo si ndo inamchanganya mtoto?

Hapana. Hili naliulizwa sana Kasulu na Buhigwe, na hata Tabora wanauliza vilevile kuhusu Kinyamwezi. Lugha mbili hazimfanyi mtoto achelewe. Anaweza kuchanganya maneno kwenye sentensi moja, ni kawaida, na ukihesabu maneno yake hesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja. Muongeleshe lugha ile inayotoka moyoni mwako. Mama anaeacha Kiha chake na kujilazimisha Kiswahili cha kuokoteza anaishia kuongea na mtoto kidogo kuliko mwanzo, na mtoto anahitaji maneno mengi na uso wa mtu unaomwangalia. Hadithi za bibi za jioni, vitendawili, nyimbo za kubembeleza, hizo zote ni huduma, msizidharau.

Wakwe wanasema mtoto karogwa, au akatwe kilimi ndo ataongea. Nifanyeje?

Najua inavyokuwa ngumu, unaishi kwao na huwezi kumjibu mama mkwe vibaya. Kilimi hakina uhusiano na kuongea. Kukikata kunaleta damu nyingi na maambukizi, watoto wanaletwa hospitali wakiwa na hali mbaya. Na kumfukia mtoto miguu kwenye shimo ili asimame hakumfundishi kutembea, mtoto mwenye misuli iliyokaza unaweza kumuumiza nyonga.

Kuhusu kurogwa, mi sibishani na mzee. Namwambia mama dua iendelee, maombi yaendelee, na kliniki iendelee, siku ileile. Mara nyingi njia nzuri ni kumbeba mama mkwe mwenyewe mwende nae kwa mtaalamu, asikie kwa masikio yake, maana bibi akishaelewa ndo anakuwa mlinzi wa mazoezi kuliko mtu yeyote pale nyumbani.

Sababu halisi mara nyingi zinajulikana. Mtoto alichelewa kulia akazaliwa hewa haijafika vizuri kichwani, au alizaliwa njiti, au manjano ya siku za kwanza yalizidi na hayakutibiwa, au alipata malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Mkoa wetu na Tabora malaria ni mzigo mkubwa, kwahiyo neti na kuwahi hospitali mtoto akipata homa navyo ni kulinda ubongo. Na kuna watoto ambao hata daktari hapati sababu. Kwa vyovyote, mama hukufanya kosa lolote, na yeyote anaekutupia lawama hajui anachosema.

Hapa Kigoma naanzia wapi?

Anza na ile kadi ya kliniki na zahanati yako. Mwambie nesi kwa maneno yanayoshikika, usiseme "mtoto hayuko vizuri", sema "ana miezi kumi na moja, hakai mwenyewe, mkono wa kushoto hautumii". Kama una simu, mrekodi video fupi nyumbani akiwa anacheza, akila, au akipata kile kitu kinachokutisha, maana mtoto akifika kliniki analala au analia na mtaalamu haoni chochote. Hiyo video inasaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Omba rufaa ya maandishi. Kutoka zahanati unaenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na juu yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni pale mjini, kwa Tabora ni Kitete. Uliza kitengo cha mazoezi tiba, wengi wanakiita fizio. Kasulu pia kuna hospitali ya Kabanga ambayo watu wengi wa ukanda ule ndo wanaitegemea. Yakiwa makubwa zaidi, yanayohitaji bingwa wa ubongo au macho ya watoto, safari inakuwa Bugando Mwanza, au Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, au KCMC Moshi.

Usiishie hospitali tu. Pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, yeye ndo anaweza kukusaidia nauli ikikushinda na akakuunganisha na miradi iliyopo. Pita na kwa afisa elimu maalumu, hata kama mtoto ana miaka miwili, aingie kwenye hesabu yao mapema. Na mjulishe mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa eneo lako, yaani wajue kwamba huyu mtoto yupo.

Kwa wenzetu wa vijiji vya ziwani, wale wa Kagunga au wa kule Kalya ambako wengi wanategemea boti kufika mjini, najua "rudi baada ya wiki mbili" ni sentensi nzito. Mwambie mtaalamu ukweli toka mwanzo kwamba utakuja mara chache, mwombe akufundishe mazoezi ya miezi miwili mitatu kwa mkupuo, akuone ukiyafanya kwa mikono yako mbele yake, na umrekodi akiyafanya. Mtaalamu mzuri hatakasirika.

Nimeenda, nikaambiwa "mtoto mzima tu, subiri". Nirudi?

Rudi. Uliza kwa heshima, "nisubiri mpaka lini, na nione nini ndo nijue amekaa sawa?" Ukipewa tarehe, iandikwe kwenye kadi. Ukiona moyo haukubali nenda kituo kingine, mama anamjua mwanae.

Ni bure?

Sera ya serikali ni kwamba mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Kiukweli kwenye maisha halisi kuna vitu utajikuta unanunua, dawa ikikosekana, vifaa, na nauli ambayo ndo inaumiza kuliko vyote. Uliza kabla hujaondoka nyumbani, na dirisha la ustawi wa jamii la hospitali lipo kwa ajili ya wasio na uwezo, msione aibu kulitumia.

Mtaalamu namuona mara moja kwa mwezi. Hiyo inasaidia nini?

Hapa ndo pa kukaa sana.

Nusu saa ya fizio kwa mwezi peke yake haimbadilishi mtoto. Kinachombadilisha ni siku thelathini za nyumbani, na habari njema ni kwamba hauhitaji kutenga masaa, unaingiza mazoezi ndani ya kazi ambazo unazifanya hata hivyo. Asubuhi ukimwosha kwa maji ya uvuguvugu misuli imelainika, hapo ndo pa kunyoosha miguu na mikono polepole kama ulivyoelekezwa, bila kulazimisha, akilia kwa maumivu acha. Ukimbeba mgongoni mtanue miguu izunguke kiuno chako, kwa mtoto ambae miguu inapishana hiyo kanga yako inamfanyia kazi nzuri. Ukiwa jikoni muweke kwenye kona ya kuta mbili, mgongo umeegemea, kanga zilizokunjwa huku na huku, mbele yake sufuria na mwiko agonge, na wewe muongeleshe, "naosha dagaa, sasa naweka mawese, sikia yanavyolia". Hujanunua kitu na ameshapata mazoezi ya kukaa, ya mkono, ya kusikia na ya lugha.

Kumlisha. Usimlaze chali ukammiminia uji, jamani, naomba sana hili. Chakula kinaingia njia ya hewa, anapata nimonia mara kwa mara na watu wanadhani ni mtoto wa magonjwa tu. Mkalishe wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kidogo kije kwa mbele chini ya mdomo, msubiri ameze ndo ulete kingine. Uji mzito kiasi unamezeka vizuri kuliko mwepesi kama maji kwa mtoto anaepaliwa. Parachichi la kuponda, maharage yaliyochujwa maganda, dagaa waliosagwa, huku kwetu vipo, anaweza kushiba na kujenga mwili bila kitu cha dukani. Na mpe muda, mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa, ni sawa.

Fundi seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kiti cha kona kwa mbao za mabaki, na fito mbili sambamba uani za kujishikia akijifunza kutembea, mtaalamu akupe vipimo tu kulingana na mtoto wako. Midoli sio lazima, chupa tupu ya maji ukaweka mchanga kidogo ukaifunga kwelikweli inatosha. Vizibo na maharage makavu asiachiwe, atajikaba.

Na kaka na dada zake wafundishe wote. Watoto wanacheza bila kuchoka, wanarudia kitu kimoja mara hamsini wakicheka, hakuna mtaalamu mwenye uvumilivu huo.

Kuna ushahidi kweli kwamba kucheza na mtoto kunabadilisha maisha yake, au ni maneno ya semina?

Upo, na mfano ninaoupenda sio wa matajiri. Kingston, Jamaica, miaka ya 1980 walichukua watoto waliodumaa wa familia maskini, wenye umri wa miezi tisa mpaka ishirini na minne. Wengine wahudumu wa afya ya jamii, watu kama sisi tu, walikuwa wanawatembelea nyumbani saa moja kwa wiki kwa miaka miwili, wanamfundisha mama kucheza na mtoto na kuongea nae, midoli mingine ilikuwa ya kutengeneza. Wengine walipewa maziwa ya lishe tu, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Miaka ishirini baadae wakawatafuta wakiwa watu wazima. Wale waliochezewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezewa, na walikuwa wamewafikia vijana ambao hawakuwahi kudumaa. Waliopewa maziwa peke yake, kwenye kipato haikuonekana tofauti. Matokeo hayo yalitoka 2014.

Sisemi lishe isiwepo, Tanzania utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, lishe tunaihitaji kufa na kupona. Nasema mtoto anahitaji tumbo na anahitaji kuongeleshwa, na la pili halina gharama ila ndo tunalolisahau.

Mtoto wangu ana mtindio wa ubongo. Huduma zikianza mapema atapona?

Sitakudanganya. Ile sehemu ya ubongo iliyoumia hairudi, na mtu yeyote anaekuuzia dawa ya kuponyesha mtindio anachukua hela yako. Ila jeraha lenyewe haliendelei kukua, kinachoharibika kadri miaka inavyoenda ni mwili usiohudumiwa. Faida ya kuwahi ni kwamba huyu mtoto anaweza kukaa mwenyewe akala na wenzie, kula bila kupaliwa, kukwambia "nina njaa" hata kwa jicho au kidole, kushika kijiko, na wengine wanatembea. Na wengi akili zao ni nzima kabisa zimekaa ndani ya mwili usiotii, usimwongelee mbele yake kana kwamba haelewi.

Baadhi yao wanapata kifafa pia. Dawa zipo, zinywewe kila siku bila kuruka hata akikaa miezi hajaanguka. Akianza degedege mlaze ubavu, usimwekee kijiko mdomoni, hesabu dakika, zikifika tano kimbia hospitali.

Kwa mtoto mwenye Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji), ongeza kitu kimoja: moyo upimwe mapema, karibu nusu yao wanazaliwa na tatizo la moyo. Kuna mama anahangaika na mazoezi mtoto hana pumzi na hakuna aliesikiliza moyo.

Kuna matatizo ambayo muda wake ukipita ndo basi?

"Ndo basi" hapana, ila yapo ambayo kila wiki ina thamani.

Mguu kifundo. Mtoto akizaliwa miguu imepinda ndani, aanze wiki za kwanza kabisa. Ananyooshwa na kufungwa plasta ngumu kila wiki, mara nyingi plasta tano mpaka saba, wengi wanakatwa kidogo mshipa wa kisigino, alafu anavaa viatu vya chuma usiku na mchana miezi mitatu na baada ya hapo usiku tu mpaka kama miaka minne. Wanaorudi kupinda wengi ni wale ambao viatu viliachwa, mama akaona mguu umeshanyooka.

Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, macho yanaangalia chini kama jua linalozama, utosi umejaa: ni maji kichwani, inahitaji operesheni na kila wiki ya kusubiri inabana ubongo. Ndo maana nesi anatakiwa apime mzunguko wa kichwa, mkumbushe.

Mboni nyeupe. Ukipiga picha na flashi jicho moja likatoka jeupe badala ya jekundu, hiyo ni dharura, inaweza kuwa mtoto wa jicho ambae akitolewa wiki za mwanzo anaona, au inaweza kuwa kansa ya jicho ambayo ikiwahiwa inatibika. Angalia picha zako za simu leo.

Na kusikia?

Wataalamu wanalenga hivi: apimwe kabla ya mwezi mmoja, ijulikane kabla ya mitatu, aanze kusaidiwa kabla ya sita. Huku kwetu wengi wanagundulika na miaka minne, ameshaitwa mtukutu na kuchapwa kwa kutokuitika. Usimpime kwa kupiga makofi nyuma yake, anahisi upepo na mtikisiko anageuka, unajiridhisha bure. Na masikio yanayotoa usaha yatibiwe, sio kawaida ya mtoto.

Akigundulika hasikii, muanzishieni lugha ya alama nyumbani mapema, haimzuii kuongea, inampa lugha ya kufikiria nayo. Tabora wana shule ya viziwi toka 1963, ndo ya kwanza nchini, kwahiyo ukanda wetu una watu wazima viziwi wenye familia na kazi zao. Tafuta mmoja mkae nae, utajifunza mengi.

Mtoto haangalii usoni, anazungusha vitu, hajibu akiitwa. Ni simu imemharibu?

Inaweza kuwa usonji, na usonji hausababishwi na simu wala malezi. Ila simu inamnyima muda wa watu. Shirika la Afya Duniani wanasema chini ya miaka miwili asiangalie skrini kabisa, miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Bando la katuni lizimwe, apimwe masikio, apelekwe. Wakati unasubiri, shuka chini alipo, cheza kile anachokipenda yeye hata kama ni kupanga mawe, iga anachofanya, msubiri akuangalie. Ratiba ya siku iwe ileile.

Baba yake hataki kusikia, anasema kwao hakuna hivo.

Kina baba wengi ni uchungu na aibu, sio roho mbaya. Mpe kazi ya mikono, atengeneze zile fito, ndo yeye wa kumbeba begani kwenda kliniki. Nimeona baba aliyekuwa halali nyumbani akageuka fundi wa mazoezi. Akiondoka kabisa, ustawi wa jamii wapo, matunzo ni haki ya mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Na ukijua mtoto kafichwa ndani au anafungwa kamba, piga 116, ni simu ya mtoto, haikati hela.

Shule watampokea?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema ana haki ya kusoma. Usisubiri siku ya kuandikisha, nenda mwaka mmoja kabla ukaonane na mwalimu mkuu na mwalimu wa awali, mpeleke mtoto wamuone, uliza choo kikoje, mlango una ngazi ngapi. Mtoto aliyezoea kukaa, kuomba choo na kucheza na wenzie anapokelewa kirahisi, na hayo ndo umekuwa ukiyafanya nyumbani miaka yote.

Wangu ana miaka sita na hajawahi kupata chochote. Nimeshachelewa?

Miaka ya kwanza imepita, hilo halirudi, ila ubongo hauachi kujifunza na misuli haiachi kunyooka. Nimemuona mtoto wa miaka saba kajifunza kunywa kikombe mwenyewe. Itaenda taratibu zaidi na utahitaji kuchagua, chagua jambo moja ambalo likibadilika siku yenu nyote inakuwa nyepesi, labda kukaa wakati wa kula au kusema anataka choo, mkomae na hilo miezi mitatu ndo mwende lingine. Nenda zahanati Jumatatu na kadi, hata ikiwa imechanika, hata kama haipo kabisa, wataandika nyingine. Na kama una mtoto mwingine mdogo nyuma yake, mbebe na yeye siku hiyohiyo apimwe.